Kuboresha mabua ya kulishia mifugo kwa kutumia fangasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa neno mabua linabeba mashina na majani yote makavu yanayobaki shambani nafaka ikishavunwa: ya ngano, mpunga, mahindi, mtama na mengineyo. Majibu yanategemeana, kwa hiyo ukiona umeelekezwa kwenye swali jingine, lifuate kabla hujaanza kazi.

## Misingi

1. Mbona ng'ombe anakula mabua mpaka tumbo linajaa, lakini bado anakonda?

Kwa sababu kujaa na kulishwa ni mambo mawili tofauti. Bua lina nguvu nyingi ndani yake: sehemu kubwa ya uzito wake mkavu ni selulosi na hemiselulosi, ambazo vijidudu wa tumbo kubwa la mnyama anayecheua wanaweza kuzigeuza kuwa nishati. Tatizo ni lignini. Ni sehemu ndogo tu ya bua, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 15, lakini imezishika nyuzi za selulosi kama zege lilivyoshika nondo. Vijidudu wanazunguka nje, wanakula kidogo kinachofikika, na kilichobaki kinatoka kwenye kinyesi.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hulisahau. Mabua ya nafaka huwa na protini ya asilimia 3 hadi 5 hivi. Chakula chote cha siku kikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu wa tumboni wenyewe wanapata njaa, kazi yao inazorota, chakula kinakaa tumboni muda mrefu na mnyama anakosa hamu ya kula. Fangasi husaidia tatizo la kwanza. La pili hawalitatui, na swali la 10 linaeleza kwa nini.

2. Fangasi anaweza kufanya nini ambacho tumbo la ng'ombe haliwezi?

Anavunja lignini. Kazi hiyo inahitaji oksijeni, na ndani ya tumbo kubwa oksijeni karibu haipo kabisa. Fangasi wa kundi linaloozesha mbao na kuziacha nyeupe hutoa vimeng'enya vinavyoishambulia lignini kwa msaada wa hewa, wakati bua bado liko nje ya mnyama. Kwa maneno mengine, tunamwazima fangasi afanye hatua ambayo mnyama hataifikia kamwe, kisha tunamkabidhi mnyama kilichofunguka.

3. Kwa hiyo fangasi yeyote anayeota kwenye mabua anafaa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Fangasi hali lignini kwa kuipenda. Anaibomoa ili afike kwenye sukari iliyo nyuma yake. Baadhi yao huibomoa haraka na kuchelewa kugusa selulosi. Hao ndio tunaowataka. Wengine hula vyote kwa pamoja, ukabaki na majivu (madini yasiyo na nguvu) na utando, yaani nyuzi za fangasi mwenyewe. Wapo pia wanaoozesha mbao zikawa kahawia na kumeguka vipande: hao hula selulosi na kuiacha lignini, kinyume kabisa cha tunachotafuta.

Walio na sifa nzuri katika utafiti ni Ceriporiopsis subvermispora, uyoga wa shiitake (Lentinula edodes), na jamii ya Pleurotus, wakiwemo Pleurotus eryngii na uyoga mamama (Pleurotus ostreatus). Ceriporiopsis ndiye hodari zaidi wa kuchagua lignini, lakini hatoi uyoga wa kuliwa na mbegu zake, yaani utando wa kupandikiza, si kitu cha kawaida sokoni. Uyoga mamama si bingwa, ila mbegu zake zinapatikana, hukua haraka na huvumilia makosa. Kama unaanza, anza naye.

Phanerochaete chrysosporium husifiwa sana kwenye maandishi kwa kasi yake ya kuvunja lignini. Kwa lishe nisingempendekeza: anakula na selulosi kwa kasi hiyohiyo.

4. Je, hili ni jambo jipya?

Sivyo. Misitu ya kusini mwa Chile ina magogo yanayooza yakawa meupe na laini, huko huitwa palo podrido, na wafugaji huwalisha ng'ombe. Mwaka 1893 jambo hilo lilikuwa tayari limeandikwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Ujerumani walishapendekeza kutengeneza lishe kwa njia hii. Kilichochelewesha wazo hili kuenea si ujinga wa wafugaji. Ni ugumu wa kulifanya kwa tani nyingi bila kuchafuka.

## Kuandaa

5. Mabua ya zao gani yanafaidika zaidi?

Ya ngano huitikia vizuri. Makapi ya miwa pia, kwa kuwa yana lignini ya kutosha ya kuondolewa. Mabua ya mahindi yanafaa yakikatwakatwa vizuri, maana shina zima lina gamba gumu ambalo utando hauingii upesi.

Mpunga ni habari nyingine. Lignini yake si nyingi. Kinachomzuia mnyama, pamoja na mengine, ni silika, ile inayofanya jani likwaruze mkono. Fangasi haiondoi silika. Tena, kadiri anavyokula vingine, ndivyo fungu la silika linavyoongezeka katika kilichobaki. Si kwamba haiwezekani, ila tarajia faida ndogo, na soma swali la 12 kwanza.

Majani ya maharage, karanga na kunde usiyapeleke kwa fangasi. Yana lishe tayari, lishia hivyohivyo.

6. Hatua zenyewe ni zipi?

Anza na mabua yaliyo makavu na safi. Bua lililoota ukungu likiwa shambani halisafishwi na fangasi wako. Litakuwa chanzo cha maadui. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 5.

Loweka mpaka maji yaingie ndani, kisha chuja. Unataka unyevu wa asilimia 65 hadi 75. Kipimo cha mkono kinatosha: kamua konzi moja kwa nguvu, yadondoke matone mawili matatu. Yakitiririka, bado ni mabichi mno; yasipodondoka hata moja, ni makavu.

Ua vijidudu washindani (swali la 7), acha yapoe hadi joto la mwili au chini yake, kisha changanya mbegu za uyoga kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mabua yaliyolowa. Usibanie mbegu. Mbegu chache maana yake utando unachelewa kutawala, na kila siku ya kuchelewa ni nafasi ya ukungu wa kijani.

Jaza kwenye mifuko yenye matundu au kwenye matrei yenye kina kifupi, weka mahali penye kivuli, nyuzijoto 24 hadi 30, hewa ikipita. Usirundike. Fangasi anapokula hutoa joto, na katikati ya rundo kubwa joto hupanda hadi kumuua mwenyewe. Ukitoboa mfuko katikati ukakuta vuguvugu kali na harufu ya uchachu, umeshachelewa.

7. Ni lazima kuchemsha?

Kuchemsha hasa, hapana; kupunguza washindani, ndiyo. Maji ya nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja au mbili hutosha. Joto hilo huua wengi wanaosumbua na kuacha baadhi ya bakteria wasio na madhara, ambao husaidia kuwazuia wavamizi wapya. Wasio na kuni za kutosha hulowesha mabua usiku kucha kwenye maji baridi yenye chokaa ya maji (ile iliyokwisha kuzimwa), ambayo hupandisha pH hadi kiasi cha 12. Vaa glavu na linda macho. Chuja vizuri kabla ya kuweka mbegu.

Kwa maoni yangu, gharama ya kuni na maji ndiyo inayoamua kama mradi huu una maana kwako au la. Ihesabu kabla ya kununua mbegu.

8. Niache siku ngapi?

Mabua hugeuka meupe kwa utando ndani ya wiki 2 hadi 4, na hapo wengi hufungua mifuko wakidhani kazi imeisha. Bado. Katika siku za mwanzo fangasi hula vile vilivyo rahisi, yaani sukari na sehemu za hemiselulosi, ambavyo hata ng'ombe angevila bila shida. Ukipima wakati huo unaweza kukuta bua limekuwa gumu kumeng'enywa kuliko lilivyokuwa. Lignini huvunjwa zaidi baadaye. Kwa kawaida unasubiri wiki 6 hadi 8 jumla, kutegemea aina ya fangasi na joto.

Lakini usisubiri uyoga. Vichwa vidogo vinapoanza kuchomoza, fangasi hubadili tabia na kuanza kuila selulosi ili ajenge mwili wa uyoga. Ukiviona, toa mabua, lishia au kausha.

9. Kwa nini nisifunge kabisa, kama ninavyofanya sileji (majani mabichi yanayochachushwa bila hewa)?

Kwa sababu utamnyima hewa na atakufa. Sileji na mabua yaliyotiwa yurea, ile mbolea ya naitrojeni (swali la 12), vinataka kufungwa. Fangasi wa lignini anataka kupumua (swali la 2). Kama kuna kosa moja linalorudiwa kuliko yote, ni la kumtendea fangasi kama sileji.

## Faida na hasara

10. Nimeambiwa protini inaongezeka. Ni kweli?

Asilimia inaongezeka. Protini yenyewe haiongezeki.

Mfano: kilo 100 za mabua makavu zina kilo 4 za protini, yaani asilimia 4. Fangasi anakula wanga na kuupumua kama hewa ukaa, zinabaki kilo 80. Zile kilo 4 bado zipo, ila sasa ni asilimia 5. Karatasi ya maabara itaonyesha ongezeko, na ng'ombe hajapata hata gramu moja zaidi. Tena sehemu ya naitrojeni, ambayo protini hujengwa nayo, sasa imo kwenye kuta za fangasi, ambazo hazimeng'enywi kirahisi. Protini utaitoa kwingine: mashudu, majani ya mikunde, au yurea kidogo kwa usimamizi wa anayeijua.

11. Uzito unaopotea ni mwingi kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo kila muuza mbegu angependa usilimuulize. Kutegemea fangasi na muda, upotevu unaweza kuwa chini ya asilimia 10 au kuvuka 30. Tofauti hiyo ndiyo faida au hasara yako.

Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, mabua yako kilo 100 yanameng'enyeka kwa asilimia 45. Mnyama anapata kilo 45. Fangasi akiyafikisha asilimia 58 huku ukipoteza kilo 15, zinabaki kilo 85 na mnyama anapata kilo 49 na kidogo. Umepata faida, si kubwa. Ukipoteza kilo 30, zinabaki 70, mnyama anapata kama kilo 40 na nusu. Umetumia kuni, maji, mbegu na wiki saba kupunguza chakula.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mnyama ana nafasi moja tu tumboni. Kama mabua unayo tele hata mengine yanachomwa shambani, si neno ukipoteza kilo. Unachotafuta ni kila kilo inayoingia tumboni iwe na nguvu zaidi, na mnyama ale zaidi kwa siku. Kama mabua yenyewe ni ya kununua, hesabu ya kilo inatawala.

Kwa hiyo pima. Pima mfuko mmoja mkavu kabla na mmoja mkavu baada. Bila mizani unabahatisha.

12. Kati ya yurea na fangasi, nichague nini?

Kwa wafugaji wengi, yurea. Kilo 4 hadi 5 za yurea zilizoyeyushwa kwenye maji, zikanyunyiziwa kilo 100 za mabua makavu na kufungwa bila hewa kwa wiki 3 hivi mahali penye joto, hulainisha mabua, huongeza naitrojeni halisi, na hazihitaji kuchemsha chochote. Hatari yake ni sumu: yurea isiyochanganywa sawasawa, au mnyama akinywa maji yake, huua kwa muda mfupi.

Fangasi anashinda pale ambapo yurea haipatikani au hairuhusiwi kwenye ufugaji wako, pale ambapo tayari unalima uyoga na una mbegu, vyumba na ujuzi, au pale ambapo mabua yana lignini nyingi ambayo yurea huilegeza tu bila kuivunja.

## Kulisha na kuhifadhi

13. Wanyama gani wanafaa kulishwa?

Ng'ombe, nyati wa kufugwa, mbuzi na kondoo waliokomaa. Ndama na watoto wa mbuzi ambao tumbo kubwa halijakua, hapana. Nguruwe na kuku hawana tumbo la kunufaika na nyuzi hizi. Farasi na punda wana uchachushaji kwenye utumbo mpana, lakini ni wepesi sana kudhurika na ukungu: katika miaka ya 1930, farasi wengi kule Ukraini walikufa kwa nyasi kavu zilizoota ukungu wa Stachybotrys. Kwao mimi ningeacha.

14. Nianze na kiasi gani?

Badilisha robo ya mabua ya kila siku, kisha ongeza taratibu kwa siku 10 hadi 14. Baadhi ya wanyama husitasita kwa sababu ya harufu. Kuchanganya na molasi kidogo husaidia. Ng'ombe wa maziwa anayetoa sana hawezi kuendeshwa kwa mabua, hata yawe yamepita mikononi mwa fangasi hodari namna gani.

15. Yanahifadhiwaje yakiwa tayari?

Yakiachwa mabichi, fangasi ataendelea kula. Njia ya kwanza ni kuanika kwenye tabaka jembamba, juani, hadi yakauke kabisa. Ya pili ni kuyashindilia na kuyafunga bila hewa pamoja na molasi, kama sileji. Hapo kumnyima hewa ndiko tunakokutaka.

## Usalama

16. Nimeona rangi ya kijani. Nikate hiyo sehemu nilishe iliyobaki?

Usilishe. Utando mzuri ni mweupe na hunukia uyoga. Kijani mara nyingi ni Trichoderma, chungwa au pinki inayosambaa kama unga ni Neurospora, na njano-kijani au nyeusi inaweza kuwa Aspergillus. Kwa macho huwezi kuhakikisha yupi ni yupi, na nyuzi zake zimeshapita mbali kuliko rangi unayoiona. Mfuko mzima uende kwenye mboji, mbali na banda. Ufungue nje ukiwa umevaa barakoa, kwa maana vumbi la ukungu hudhuru mapafu ya mtu pia.

17. Je, maziwa yanaweza kuathirika?

Kwa fangasi sahihi, hakuna sababu. Kwa mabua yaliyovamiwa na Aspergillus flavus, ndiyo: sumukuvu yake iitwayo aflatoksini B1 ikiliwa na ng'ombe hutoka kwenye maziwa kama aflatoksini M1, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Mwenye ng'ombe wa maziwa hana mfuko wa kubahatisha.

18. Ninalima uyoga. Naweza kulisha mabaki baada ya kuvuna?

Yanalishika, lakini usiyaite mabua yaliyoboreshwa. Baada ya kuvuna mara mbili tatu, fangasi ameshachukua sehemu nzuri ya selulosi (swali la 8), na majivu yameongezeka. Yape nafasi ya kijazio katika chakula cha mnyama asiye na kazi kubwa, si msingi wa lishe. Masharti mawili: usiwe umepuliza dawa ya wadudu, na pasiwe na ukungu. Mabaki ya uyoga aina ya Agaricus, unaolimwa kwenye mboji yenye samadi, usilishe kabisa.

## Maswali ya pembeni

19. Hamira au Trichoderma haviwezi kufanya kazi hiyo?

Hamira ni fangasi, lakini haivunji lignini. Kwa kiasi kidogo inaweza kuwa na manufaa mengine tumboni, ila bua litabaki bua. Trichoderma ni mlaji wa selulosi. Anauzwa kwa ajili ya mboji na kinga ya mimea, na hapo ndipo mahali pake.

20. Nikiongeza yurea au samadi ya kuku kwenye mabua ya fangasi, si nitapata vyote viwili?

Kwa fangasi wengi, utakosa vyote viwili. Amonia huwadhuru, naitrojeni nyingi huwakaribisha washindani, na baadhi ya fangasi wa lignini hupunguza kazi yao naitrojeni ikizidi. Samadi ya kuku ina hatari zake pia, ikiwemo botulizimu (ugonjwa wa sumu ya bakteria unaopooza mnyama).

Kule Karnal, India, katika miaka ya 1980, watafiti walijaribu njia ya kuzunguka tatizo hilo: mabua yalitiwa yurea kwanza, kisha Coprinus, uyoga unaovumilia amonia, ukapandwa kwa siku chache ili ushike ile naitrojeni ambayo ingepotea hewani. Wazo ni zuri. Kilichorudisha nyuma ni kilekile cha swali la 11: uzito unaopotea.

21. Nasikia kuna fangasi wanaoishi ndani ya tumbo la ng'ombe. Hawatoshi?

Wapo, na hawahitaji oksijeni. Mtafiti Colin Orpin ndiye aliyeonyesha mwaka 1975 kwamba viumbe vilivyodhaniwa kuwa protozoa (vijidudu vya seli moja) ni fangasi, akiwemo Neocallimastix. Hupenya bua kwa nguvu na kulipasua, na hivyo kuwafungulia njia bakteria. Lignini yenyewe hawaivunji. Unachoweza kufanya kwa ajili yao ni kuhakikisha mnyama anapata protini na madini ya kutosha.

22. Nimefuata yote, mnyama anakula, lakini sioni tofauti.

Angalia protini kwanza (maswali ya 1 na 10). Mara nyingi ndiyo inayokosekana, na nishati uliyoifungua haitumiki bila hiyo. Kisha angalia maji ya kunywa na minyoo. Kama vyote viko sawa, rudi kwenye mizani: huenda ulitoa mapema mno, au ulichelewa hadi uyoga ukatoka. Jaribio la kweli ni kugawa wanyama wanaofanana makundi mawili, moja kwa mabua ya kawaida na jingine kwa ya fangasi, chakula kingine kikiwa kilekile, na kupima uzito au maziwa kwa wiki kadhaa. Ukiona makundi yanalingana, okoa kuni zako na ununue mashudu.